Sauti ya Baba wa Bi Harusi Ilichelewa

Mimi sipendi kuambiwa kazi yangu ina kasoro. Nasema mapema, asije mtu akadhani nilikuwa mnyenyekevu ambaye mambo yalimharibikia kwa bahati mbaya. Nina duka Suna, hapa Migori: fotokopi, picha za pasipoti, na kuhamisha video za watu kutoka kwenye simu hadi kwenye DVD. Watu hucheka wakisikia DVD. Wacheke. Wenye wazazi mashambani hawacheki.

Msichana aliyeniletea kazi hii alikuwa ameolewa wiki tatu nyuma, kanisani Oyugis. Alikuja na video ya harusi kwenye flashi. Nyanya yake yuko Kendu Bay na miguu haimbebi tena, kwa hivyo hakufika harusini. Walimwonyesha kwenye simu akasema watu wamekuwa wadogo kama omena, dagaa wa ziwani, na yeye omena huwa anaila, haitazami ikiongea. Alichokuwa nacho ni televisheni na mashine ya DVD ya kuchezea kwaya, na kitufe kimoja anachokijua.

"Kitu nataka sana ni spichi ya baba," msichana akaniambia. "Nyanya anaulizia hiyo tu. Baba hajawahi kusimama mbele ya watu. Lakini video iko na shida kidogo, sauti inachelewa."

"Hiyo ni mafua tu," nikamjibu. "Njoo Ijumaa."

Na kweli sauti ilikuwa inachelewa. Simu hupiga picha kwa mwendo inaoutaka yenyewe: penye mwanga thelathini kwa sekunde, hemani penye giza ishirini. DVD haitaki mchezo huo. Inataka ishirini na tano, sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Ukiichoma faili kwenye DVD vile ilivyokuja, mwanzoni mambo ni shwari, lakini wakifika kwenye keki kisu kinaingia sasa na vigelegele vinakuja baadaye. Halafu picha inakwamakwama, maana mashine za bei rahisi hazimezi tonge kubwa. Dawa yake ni kuigeuza faili kwanza iwe na mwendo mmoja, kuipunguza uzito, na kuichoma polepole. Nilimaliza hayo yote asubuhi moja. Nikapima kwa makofi, maana kofi halidanganyi: mikono ikikutana na sauti ikalia hapo hapo, umefika. Makofi sawa. Mchungaji sawa. Emsii sawa, na huyo alikuwa na maneno kuliko wote.

Akasimama baba wa bi harusi. Mdomo ukafunguka, sauti hakuna. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Ndipo sauti ikaja, na ilipokuja ikarudia mwanzo wa neno mara tano.

Niliudhika. Nikaigeuza faili upya. Nikabadilisha programu, nikabadilisha kompyuta. Nikiisogeza sauti mbele ili mzee alingane, wageni nyuma yake wanasikika wakipiga makofi kabla mikono haijakutana. Nikiwalinganisha wageni, mzee anachelewa. Mtu mmoja tu katika video nzima! Mwenye akili timamu angejiuliza swali. Mimi nililaumu maikrofoni.

Niseme na hili pia. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimekaa Migori miaka kumi na sita, na Kijaluo changu ni cha dukani. Naweza kutaja bei, naweza kusema njoo kesho, na naweza kusema mashine imeharibika. Mzee alizungumza Kijaluo mwanzo hadi mwisho. Sikujua neno linaanzia wapi na linaishia wapi, basi kila nilichokisikia mara mbili nilikihesabu kuwa kosa la faili.

Nikaamua kumtengeneza kwa mkono. Ilinichukua siku mbili. Nilikata kila kilichojirudia, nikavuta kila kilichochelewa, na pale picha iliporuka nikafunika kwa keki au kwa mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau. Kuna mahali sauti yake ilishikwa na mvumo, mmmm, mrefu, na wageni wakaanza kupiga kelele zao. Nikasema hiyo ni spika inalia. Nikakata mvumo, nikakata kelele, nikakata mpaka nilipokuta sentensi nyingine safi, na sikungoja kuona ule mvumo uliishia wapi. Dakika kumi na moja zikawa nne. Mzee sasa alitiririka utafikiri anasoma taarifa ya habari. Nilijipongeza kwa chai ya maziwa na mahamri mawili.

Ijumaa msichana hakuja. Alikuja baba yake. Nilimtambua kabla hajavuka kizingiti. Siku mbili nzima nilikuwa nimeshinda usoni mwake. Akavua kofia, akanitazama, akafungua mdomo. Sekunde moja, mbili, tatu, nne.

"Hujambo, mama," akasema.

Lo! Nilitamani sakafu inimeze. Hapakuwa na faili pale, wala simu, wala maikrofoni. Palikuwa na mtu amesimama mbele ya kaunta yangu, ana kigugumizi, na mimi nilikuwa nimemkata dakika saba.

Hapa naingia kwenye taabu ya uandishi. Nikiyaandika maneno yake yamekatikakatika, nitakuwa namwigiza. Nikiyaandika mazima, nitakuwa nimerudia kosa lile lile. Basi nayaandika mazima, na wewe unayesoma, mpe muda. Kila sentensi, mpe muda.

"Nataka kuiona kwanza," akasema.

Nilimwambia mashine imeharibika. Nilimwambia kwa Kijaluo, maana hilo nalijua vizuri. Akaitazama mashine, taa yake ya kijani ikiwaka. Akavuta kiti, akakaa. Nikaweka DVD.

Aliitazama dakika zote nne. Ilipoisha akaomba tena. Mara ya pili alijaribu kusogeza midomo pamoja na yule wa kwenye kioo, na yule wa kwenye kioo akamwacha nyuma. Nimewahi kuaibika maishani mwangu, sikatai, lakini siku ile masikio yangu yaliwaka moto nikashindwa pa kuyaweka.

"Anaongea vizuri huyu," akasema.

"Nisamehe, mzee. Nilidhani ni video inayokwama. Binti yako aliniambia sauti inachelewa, hakuniambia ni ya nani."

"Nyumbani hilo hatulitaji," akasema. Akageuza kofia mikononi. "Lakini kuna kitu hakipo. Mama hayupo."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Nilisimama nimshukuru yeye, mbele ya watu. Hayo mengine yote nilikuwa natafuta njia ya kufika hapo."

Sikuhitaji kuuliza ilikuwa sehemu gani. Nilirudi kwenye faili ya mwanzo nikaitafuta ile mmmm yangu, ile niliyoiita spika. Kiherehere changu kilikuwa kimetupa kitu kimoja tu kilichomfanya mzee yule asimame, na nilikitupa kwa sababu hakikuwa safi. Machozi yalinilenga nikajifanya natafuta DVD tupu chini ya meza.

Nilichoma nyingine akiwa amekaa pale pale. Mwendo mmoja, uzito mdogo, polepole, na yeye sikumgusa hata nukta. Ile ya kwanza nikataka kuivunja mbele yake ili ajue nimejuta. Akanizuia mkono, akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa koti. Sikumuuliza ya nini.

Jumapili nilikwenda nao Kendu Bay. Hakuna aliyenialika. Nilisema nataka kuhakikisha mashine ya nyanya inaisoma, na ni kweli, maana ningesikia imekwama tena ningehama mji. Nyanya alikuwa ameketishwa karibu kabisa na televisheni, rimoti mapajani, mwanawe kwenye kigoda kando yake, na yule msichana nyuma yao. Mimi nikapewa kiti chenye kitambaa cha kufuma, karibu na mashine. Nyanya akabonyeza kitufe chake kimoja.

Ilikwenda vizuri. Makofi sawa, keki sawa. Akasimama baba wa bi harusi, akaanza kuchelewa, na mimi nikawa nahesabu sekunde kichwani kwa mazoea. Nyanya hakuhesabu. Alisikiliza tu.

Ikafika mmmm. Wageni kwenye televisheni wakaanza kumsaidia. "Nyasaye!" mmoja akapiga kelele, akidhani Mungu ndiye anayetaka kushukuriwa, ingawa herufi haikuwa hiyo. Msichana akaninong'oneza majina waliyokisia wengine: mchungaji, wakwe, mpishi. Hakuna aliyepata. Mwishowe wakanyamaza wote, na mzee akabaki amesimama, mdomo wazi, hasogei, hata hema nyuma yake halitikisiki. Nikasema imekwama. Baada ya yote hayo, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mashine.

Nyanya akanigonga kifundo cha mkono kwa rimoti.

"Wacha," akaniambia kwa Kiswahili. "Bado anaongea."

Nikarudi kitini. Tukangoja, sisi wanne, na wageni wote wa Oyugis ndani ya televisheni.

"Mama," akasema mzee kwenye kioo.

"Eeh," nyanya akaitikia.