Kibuyu cha Jirani Aliyeokoka

Kwa mama yangu pombe haikuvuka kizingiti. Hata mgeni aliyetoka kuinywa kwingine alipewa uji kwenye benchi la nje, na mazungumzo yakafanyika kupitia dirisha la jikoni. Kila jioni, kabla makande hayajapakuliwa, tuliomba, na ombi la mwisho halikubadilika: "Bwana, itunze nyumba hii iwe safi." Nilipokuwa mdogo nilidhani anamwomba Mungu amsaidie kufagia.

Nilipopata mchumba, fundi pikipiki wa Hedaru, mambo yakawa magumu. Kwetu huku milimani binti haondoki mpaka mjomba wake atamke baraka, na mjomba hatamki kitu koo likiwa kavu. Sharti apige funda la dengelua, pombe yetu ya miwa, ampe dada yake naye anywe, ndipo aseme neno. Mjomba wangu alipoambiwa kwamba safari hii itakuwa soda, alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, nimbariki mtoto kwa soda? Baraka hiyo itaisha gesi kabla hawajafika lami!"

Mama akakataa pombe, mjomba akakataa soda, mimi katikati nikakonda. Nilimpenda yule kijana, na niliogopa kwamba ndugu wawili wenye vichwa vigumu wangenizeesha nyumbani.

Mwishowe Mama akaja na lake: maji ya miwa, matamu, yasiyochachuka, ila ndani ya kibuyu kama ilivyo desturi. Mjomba akakubali shingo upande. Kibuyu tukakiazima kwa jirani ambaye alikuwa mpika pombe hodari kabla hajaokoka. Mama alikisuuza kwa maji ya moto, akakiombea, akaona inatosha. Jirani ameokoka, basi na vyombo vyake vimeokoka. Tukakamua miwa mchana, tukakijaza, tukakiacha sebuleni kando ya meza ya Biblia mpaka kesho yake.

Wakwe walifika, wakaketi pamoja na wazee wa kanisa. Mjomba akamimina kwenye kata, na povu likapanda. Akapiga funda, akachungulia ndani ya kata, akapiga la pili, ambalo halimo kwenye mila yoyote ninayoijua. Kisha akampa Mama kata kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Kunywa, dada. Maji yako ya miwa ni mazuri sana."

Mama akapiga funda, na papo hapo nikamwona amejua. Alikulia nyumba moja na mjomba, na baba yao hakuwa mtu wa soda. Akitema, hakuna baraka, na wakwe wanashuka mlima bila jibu. Akabaki vile, mashavu yamejaa, wazee wa kanisa wakimtazama. Hakumwangalia mjomba. Aliniangalia mimi, akameza.

Mjomba akanibariki kwa maneno marefu, wakwe wakapiga vigelegele.

Jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, tuliomba kama kawaida. Nilisubiri ombi la mwisho. Mama aliweka mkono juu ya Biblia, nami nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

"Bwana," akasema, "asante kwa nyumba hii."

Akafumbua macho, akaniambia nikapakue makande.