Elektroni Saba za Klorini

Juzi nililiona jedwali la elementi kwenye daftari la binti yangu, hasira za zamani zikanipanda.

Mchana mmoja nikiwa sekondari, malori ya korosho yalinguruma kwenda bandarini, na sketi yangu ilinuka mabibo, matunda ya mikorosho. Mwalimu wa kemia aliuliza nani hutoa elektroni kwa urahisi, sodiamu mwenye moja ya nje au klorini mwenye saba. Nikajibu klorini, maana mwenye nyingi haoni uchungu kutoa.

"Mjinga wewe! Mwenye saba ndiye anayeng'ang'ania!" alifoka, darasa zima likanicheka.

Hadi leo sijamsamehe. Lakini nilikoseaje jibu lile, wakati asubuhi ileile baba mkubwa, mwenye mikorosho mingi kuliko kijiji kizima, alikuwa amenikimbiza na panga kwa korosho moja niliyookota?