Waya Uliopita Chumbani mwa Mama

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba upande wetu wa Ekerenyo, runinga ya kwanza ya inchi sabini na tano niliileta mimi. Sikusaidiwa na mtu. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilibeba mawe ya machimbo ya Tabaka mgongoni ili nilipe karo ya diploma ya umeme. Diploma hiyo ndiyo iliyonipeleka Ghuba, ambako nilianza kwa kufagia ngazi za hoteli na kumalizia nikiwa msimamizi wa mafundi wa viyoyozi. Nilikuwa na wanaume ishirini na wanne chini yangu, na baadhi yao walikuwa na digrii. Nilikaa huko miaka kumi na moja. Niliporudi nilijijengea nyumba ya vigae, na nyumba ya mama nikaitia dari na umeme kwa mikono yangu. Sikumwita fundi. Fundi ni mimi.

Runinga niliiweka kwa mama kwa sababu kwake ndiko watu hupita. Dishi lilikaa nyuma ya nyumba, na njia fupi ya waya kutoka nyuma hadi sebuleni ilipita chumba chake cha kulala. Ningeweza kuuzungusha nje, lakini waya mrefu hudhoofisha mawimbi, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Mama alikuwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Nikafungua pazia la mlangoni, nikaingia, nikasogeza kitanda, nikatoboa ukuta.

Aliporudi na kikapu mgongoni alinikuta nikitoka chumbani mwake, vumbi la ukuta kichwani na drili mkononi. Alisimama. Aliangalia pazia, akaniangalia mimi, kisha akaenda jikoni. Nilidhani anastaajabia kazi.

Jumamosi hiyo, Sabato ilipotoka, niliwasha. Kulikuwa na tamthilia mpya ambayo kila mtu aliizungumzia, ya saa moja na nusu jioni. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mfasiri nilikuwa mimi, nikiigeuza kwa Ekegusii neno kwa neno huku macho yangu yakiwa kwenye kioo. Mama aliketi kwenye kiti cha marehemu baba. Karibu naye aliketi jirani yetu mjane, ambaye huchuma chai pamoja na mama na ambaye tangu utotoni namwita mama mdogo. Mlangoni, kofia ya pikipiki magotini, alikaa mwendesha boda mmoja niliyesoma naye shule ya msingi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Wafanyakazi kumi na wawili wanapelekwa kwenye kituo kinachozunguka sayari ya mbali. Wanarudi baada ya miaka kumi katika mji wao mdogo wa milimani, mji wa ukungu kama wetu. Kila nyumba inafurahi. Halafu polisi wanachunguza chombo walichorudi nacho na kukuta miili kumi na miwili imefichwa chini ya sakafu.

"Sasa waliorudi ni nani?" mama mdogo akauliza.

"Ndilo fumbo lenyewe," nikasema.

"Huyo wa nywele nyekundu hata hapepesi macho," akasema mwendesha boda. "Injinia, na wewe pepesa tukuone!"

Nilipepesa. Walicheka hadi mama mdogo akafuta machozi kwa leso. Mama naye alicheka, nakumbuka.

Kicheko hakikudumu. Wiki hiyo nilishuka Kisii mjini kumnunulia mama dawa za presha, na kwenye duka la dawa watu walikuwa wakiongea habari hiyo hiyo. Muuzaji aliniambia mkewe amemuuliza rangi ya ng'ombe wa mahari yao, na alipokosea hakupewa chai asubuhi. Wateja walicheka, lakini niliona mwanamke mmoja akimgeukia mwanamume aliyekuja naye na kumtazama machoni kwa muda mrefu, akisubiri apepese.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu mambo yalipoharibika, na niliyeyaharibu ni mimi. Katika sehemu hiyo, mmoja wa waliorudi anapanda ngazi, anaingia chumba cha mamake na kusimama kando ya kitanda chake, akitabasamu. Mama huyo anakwenda polisi. Anawaambia kwamba mwanawe anakumbuka kila kitu walichowahi kusema pamoja, ila hajui tena mahali pa kuishia.

Ningetafsiri hivyo hivyo ilivyokuwa. Lakini mimi sipendi kufanya kazi nusu, nami nilitaka wasikie uzito wake. Nikasema kwa sauti ya huyo mama: "Anajua kila kitu, ila hana chinsoni."

Chinsoni ni ile aibu inayopanga nyumba zetu. Kwa sababu yake baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mwana aliyetahiriwa hapiti pazia la chumba cha mamake, hata kama nje ni baridi na ndani mna moto wa kuota. Hakuna anayefundishwa. Mtu hufika pale na miguu yake husimama yenyewe. Yangu ilikuwa imesimama pale maisha yangu yote, hadi siku ile ya waya.

Mama mdogo aliufuata waya kwa macho, kutoka kwenye runinga, ukutani, hadi unapoingilia chumbani. Mwendesha boda alitoa mzaha ambao hakuna aliyeucheka, kisha akavaa kofia yake. Mama aliinuka. Alinipita akiwa amekusanya nguo zake, jinsi mtu apitavyo karibu na mbwa asiyemjua.

Tangu siku hiyo hakula chochote kilichopita mkononi mwangu. Nilimletea mkate, akaugawa kwa kuku. Nilimletea samaki kutoka mjini, wakakaa hadi wakaoza. Niliweza kuvumilia hayo. Lakini siku ya Jumanne, nikitafuta kiberiti jikoni, nilifungua kopo la chumvi nikakuta dawa zake za presha, zote nilizomnunulia, hajameza hata kidonge kimoja.

"Mama, mbona hunywi dawa?"

"Nitakunywa," akasema, mgongo ukutani.

"Ni mimi, Mama."

"Nani amesema si wewe?"

Nilimletea pasipoti. Nilimletea diploma yangu ndani ya fremu yake, yenye muhuri na sahihi. Aliitazama kwa mbali akasema karatasi huchapishwa. Basi nikaanza kumkumbusha mambo. Nikamkumbusha ile siku mafuriko yalipobeba ndama na wimbo alioimba akinitoa funza. Nikamkumbusha na maneno aliyoniambia langoni asubuhi niliyoondoka. Nilikumbuka yote vizuri, nina kichwa cha kukumbuka. Kadiri nilivyokumbuka ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, na nilielewa kwa nini kabla sijamaliza. Yule wa kwenye tamthilia naye alikumbuka kila kitu.

Mama mdogo nilimfuata shambani kwake. Hakuacha kuchuma.

"Mwambie anywe dawa, mama mdogo. Atakusikiliza."

"Nimemwambia. Anasema ataomba Mungu." Alitupa majani kikapuni. "Mwanangu, uliingiaje mle?"

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Kazi. Na miguu haikukuambia kitu?"

Nilijaribu kukumbuka ile hatua, ya kutoka sebuleni hadi ndani ya pazia, na sikuipata. Nilikumbuka drili na vumbi, na hata kipimo cha tundu, milimita kumi. Hatua yenyewe haikuwepo. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole kati ya michai, nikiiangalia miguu yangu.

Nilianza kuogopa vitu ambavyo mtu wa kiwango changu hapaswi kuviogopa. Asubuhi nilijitazama kwenye kioo kirefu nilichokinunua mwenyewe, nikijiuliza kama sauti hii nzito niliondoka nayo au nilirudi nayo. Watu walikuwa wameniambia kwamba Ekegusii changu kimebadilika. Nilikuwa nikiwajibu kwa fahari kwamba ni usafiri. Sasa nilijisikiliza nikiongea.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa sebuleni kwa mama nikirekebisha taa, nilisikia kishindo chumbani. Kisha kukoroma, si kwa usingizi.

Nilifika kwenye pazia kwa hatua mbili. Chini yake niliuona mkono wa mama sakafuni, vidole vikiparuza saruji. Na hapo nilisimama. Nilijiambia ingia, ni mama, anakufa, hakuna aibu mbele ya kifo. Mwili wangu ulitetemeka wote na miguu haikusogea. Nilichoweza ni kupiga ukelele wa kumwita mama mdogo, na niliupiga hadi koo likauma.

Alikuja mbio na kikapu bado mgongoni, akanisukuma, akaingia.

"Umesimama tu hapo!" alinifokea kutoka ndani. "Angekata roho ukishikilia pazia?"

Mwendesha boda, niliyempigia simu, alimbeba mama katikati hadi hospitalini, mama mdogo akimshikilia kwa nyuma, mimi nikafuata na pikipiki nyingine. Daktari alisema presha ilipanda sana, na kwamba tulifika kwa wakati. Jioni mama alifungua macho. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea kidogo. Alinitafuta kwa macho wodini hadi akaniona.

"Niliona viatu vyako," akasema. "Chini ya pazia. Vilisimama."

Nilimpa kidonge kwa mkono wangu. Akakimeza, akashika vidole vyangu, akalia. Nami nililia. Sioni haya kuliandika.

Aliporudi nyumbani niliuhamisha waya. Mama mdogo aliuvuta kutoka ndani huku mimi nikimwelekeza nikiwa sebuleni, nikauzungusha nje ya nyumba kwa vishikio kila nusu mita. Picha ilibaki safi kama kwanza. Ukweli ni kwamba mawimbi hayakudhoofika hata kidogo.

Hadithi ingeishia hapo, lakini tamthilia ilikuwa imebakiza sehemu moja. Mama alitaka kuona mwisho, na Jumamosi hiyo tulikaa kama zamani: yeye kwenye kiti cha baba, mama mdogo pembeni, mwendesha boda mlangoni. Nilitafsiri bila kuongeza chochote.

Karibu na mwisho, polisi wanawaweka wale waliorudi, mmoja mmoja, mbele ya chumba cha mama yake. Wengine wanaingia moja kwa moja, nao wanakamatwa. Mmoja anafika mlangoni na kusimama. Anatetemeka. Mama yake analia, anamkumbatia, mji mzima unashangilia. Kisha mpelelezi mzee, akiwa peke yake na kamanda wake, anasema kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba huyo ndiye wa hatari kuliko wote, kwa sababu huyo amejifunza.

Watu wawili walikuwa wakiusubiri mdomo wangu. Kopo la dawa lilikuwa mezani, karibu na mkono wa mama.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema huyo ndiye mwana wa kweli," nikasema. "Amesema sasa mama anaweza kulala."

Mama mdogo alishusha pumzi, akamsifu Mungu. Mama alinipapasa goti, akafungua kopo, akameza kidonge chake cha jioni kwa maji niliyommiminia.

Niligeuka kuelekea mlangoni. Mwendesha boda alikuwa ananitazama. Mtihani wa Kiingereza wa darasa la nane yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, nami nikawa wa pili, jambo ambalo sijawahi kupenda kulitaja. Alikuwa amelisikia neno la mpelelezi jinsi lilivyosemwa. Hakunisaliti. Alivaa kofia, akawaaga wazee, akatoka.

Mama ananywa dawa kila siku sasa, asubuhi na jioni, na mdomo wake umekaribia kurudi mahali pake. Ananiita mwanangu mbele za watu. Mimi ni mtu wa kupima vitu. Nimepima umeme wa majumba ya ghorofa arobaini. Lakini kila nikifika kwenye pazia lile nasimama, na nikisimama nasikiliza miguu yangu, nikitaka kujua kama ni aibu ndiyo inayoizuia au ni mimi ninayejua kwamba hapo ndipo pa kusimama.

Mwendesha boda bado hunibeba nikiwa na safari ya Nyamira. Haniiti tena Injinia. Na ananiendesha akiwa amekaa mbele kabisa, karibu aguse usukani kwa kifua, ili mgongo wake usinifikie.