Kikaango cha Mtu Mmoja

Mke wangu alinipa sharti moja tu la kurudi Palma. Alikuwa Mtwara kwa binti yetu tangu tulipokimbia mashambulizi, na mimi nilitangulia kurudi kuezeka nyumba. "Paa halinihusu," aliniambia kwenye simu. "Siku utakayokula na mtu barazani kwetu, nipigie. Siku hiyo nafunga mizigo."

Nikaona jambo jepesi! Sisi watu wa pwani tangu lini tukakosa mtu wa kula naye? Ijumaa moja akachinjwa ng'ombe, nikanunua nyama ya paja, na swala ilipokwisha nikatoka mbio msikitini ili wapitaji wanikute nimeshatenga.

Kupika sijui. Najua chakula kimoja, bife na batata, yaani nyama ya kukaanga na viazi, nilichofundishwa na mpangaji wetu wa zamani, mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Maputo. Alikuwa akipika vyote kwenye kikaango kimoja, mara moja kwisha, akala kafunga mlango. Mke wangu alimhurumia: "Maskini, anakula kama kaiba." Alipohamishwa alituachia kile kikaango, na niliporudi ndicho chombo pekee cha kupikia nilichokikuta jikoni.

Nikakata batata duara nyembamba, nikazitia kwenye mafuta ya moto, nikafunika. Nyama nikaiponda kwa mchi, nikaipaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Batata zilipoanza kuiva nikazisogeza pembeni, nikailaza nyama katikati, ikalia chwaa! "Usiiguse," mpangaji alikuwa akinikemea, "iache ishike rangi." Nikageuza mara moja tu, nikatupia vitunguu, basi. Harufu ikafika njiani, nami nikajisifu: leo nani atapita asisimame?

Nikatandika mkeka barazani, kikaango katikati. Akapita muuza samaki. "Karibu tule!"

"Starehe, mzee wangu, nimeshakula." Muongo mkubwa! Midomo imemkauka.

Wakapita wawili waliotoka msikitini. "Bismillahi, karibuni!" Wakasimama, wakakitazama kikaango, wakatazamana. "Ahsante, baba, endelea tu. Hicho ni chako."

Ndipo na mimi nikakitazama vizuri. Vipande viwili vya nyama na batata za kujaza kiganja. Mke wangu hupika sufuria ambayo hata wakizuka watu wanne hakuna anayeona haya kukaa. Waliorudi mtaani kwetu ni wachache, kila mmoja anaogopa kumlia mwenzake riziki yake, nami nimetenga chakula cha mtu mmoja halafu nawaita watu! Nilijikasirikia mpaka nikataka kukipiga teke.

Wa mwisho kupita alikuwa fundi aliyenisaidia kupigilia bati. Huyo nilimbembeleza, sikuona aibu. "Kaa, ndugu yangu, kaa hata kidogo." Akavua viatu, akanawa, akaketi, akachukua kipande kimoja cha batata. "Nimeitikia," akasema, akainuka zake. Hiyo ndiyo adabu, simlaumu. Lakini angekaa, ningempa nyama yote.

Nikampigia mke wangu hapo hapo, chakula hakijapoa. "Nimekula na mtu!"

"Alhamdulillahi! Amekula nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Kipande cha batata."

Akacheka, akacheka sana, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mume wangu," akasema, "funga nyumba, uje. Huku tunakula watu saba."

Nilitaka kumwambia habari za paa, jinsi lilivyokaa vizuri. Badala yake nikawa naitikia kwa kichwa, kana kwamba ananiona.