Kijiti cha Mkono wa Kushoto

Sikai sana mahali. Tangu nije huku Marekani nimeishi Annandale, nikaishi Silver Spring, na sasa niko Hyattsville, nafanya kazi katika ghala la samani. Kila nyumba nimeiacha nikiwa na maboksi ambayo sikuwahi kuyafungua. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mzee, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mitaa hii hii na hajahama. Nikitoka kazini napenda kukaa naye barazani kwake, kwa sababu anakumbuka mambo kama ninavyoyakumbuka mimi: kila habari yake huanza na chakula walichokula siku hiyo.

Habari anayoipenda kuliko zote huanza na kuku wa kukaanga aliyefungwa kwenye karatasi. Mama zao waliwafungia kwa sababu migahawa ya njiani isingewauzia weusi kitu. Huo ndio mwaka ambao shule yao, shule ya watoto weusi peke yao, iliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na shule za wazungu. Wanne wao wakashinda mbio za kupokezana vijiti. Muda si mrefu shule ikafungwa, watoto wakatawanywa kwenye shule za wazungu, na vikombe vyao vyote vikatupwa. Kilichopona ni kijiti chenyewe, cha mbao, maana mmoja wao alitoka nacho amekificha ndani ya soksi.

Kila Juni waliosoma pale hukutana kwenye uliokuwa uwanja wa shule, huchoma nyama, na wale wanne hukimbia tena. Wajukuu huwashinda vibaya sana.

"Kushinda tulishashinda," mzee husema. "Siku hizi kazi ni moja tu. Kisianguke."

Na miaka yote hiyo hakikuwahi kuanguka.

Mkimbiaji wa kwanza alifariki zamani. Nafasi yake aliipata muuguzi anayekaa ghorofa ya juu yangu, mwanamke wa Nyeri ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, ndiye Mkenya pekee duniani asiyejua kukimbia. Majira ya baridi yaliyopita akafariki wa pili, yule wa soksi. Mzee akaja kunigongea mlango.

"Wewe una miguu," akasema.

"Ninayo, Mzee, lakini ina miaka arobaini na kitu."

"Yangu ina sabini na kitu. Vaa viatu."

Tulifanya mazoezi Jumamosi moja asubuhi. Muuguzi ananipa kijiti kwa mkono wa kulia, mimi nakipokea kwa kushoto, nakimbia nacho, nampa mzee kwa kushoto huo huo. Yeye ni wa tatu, anayekimbia kwenye kona, na hupokea kwa kulia. Wa mwisho ni rafiki yake, aliyebaki naye katika wale wanne.

Kila nilipomkaribia mzee, mkono wangu ulikataa. Bibi yangu kule Tabora alinifundisha kwa makofi kwamba kushoto ni mkono wa chooni, na mkubwa hapewi kitu kwa mkono huo. Bila kujijua nikawa nahamishia kijiti kulia, mikono yetu ikagongana, kijiti kikaanguka. Tukarudia, kikaanguka tena. Mzee akakiokota, akakipangusa kwa fulana yake, akarudi kwenye alama yake ya kupokelea.

"Wee Mtanzania!" muuguzi akanipigia kelele kutoka mbali. "Si upeane tu! Heshima yako itatuaibisha!"

Ikabidi nimweleze mzee, kwa Kiingereza changu, habari ya bibi na ya chooni. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kwenye kona hii adabu ni kushoto. Ukinipa kwa kulia umenitukana mimi na mama yangu."

Lakini mkono haukusikia. Muuguzi akaja, mikono kiunoni.

"Kwani kwenu, ukiwa umebeba mtoto na mkono wa kulia, na mgeni anataka chai, unafanyanga nini?"

"Namwomba samahani, nampa kwa kushoto."

"Basi omba samahani, upeane!"

Nikamuuliza mzee marehemu alikuwa akipaza neno gani anapompa kijiti, maana anayepokea hatazami nyuma, husikiliza tu. Akanitazama kidogo.

"Lile lilikuwa lake. Lete lako."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mjane wa marehemu alikaa kwenye kiti cha kukunja, karibu kabisa na kona. Vijana kutoka El Salvador waliokuwa wakicheza mpira katikati ya uwanja walisimamisha mchezo wakaja kutazama. Muuguzi akanifikia akihema, "Shika, shika, nakufa mimi!" Nikakimbia. Mbele yangu wajukuu walikuwa wameshatokomea. Mzee aliponiona naifikia alama yake alinigeuzia mgongo, akaanza kwenda, kiganja wazi nyuma yake. Hakugeuka hata mara moja.

"Samahani, Mzee!"

Kiganja kikafumba. Akaondoka nacho, nusu anakimbia, nusu anatembea, akaizunguka kona mbele ya yule mjane, na alipomfikia rafiki yake nikamsikia akipaza sauti, "Samahani!" Rafiki hakuelewa neno, lakini alishika. Wale Wasalvador wakalidaka, uwanja mzima ukawa unaombana samahani. Tulikuwa wa mwisho. Mjane alicheka huku akijifuta macho.

Baada ya nyama mzee alinifuata kwenye gari.

"Kijiti huwa kinakaa kwa mkimbiaji wa pili," akasema. "Mkewe anataka iwe hivyo hivyo. Kaa nacho mpaka Juni."

Nilitaka kumwambia kwamba nimeshaona nyumba ya kupanga katika mji mwingine, Columbia, na nataka kuhama. Lakini alikuwa amekwisha kuninyooshea kijiti, kwa mkono wa kushoto, makusudi, macho yakicheka.

"Sa-ma-ha-ni," akasema.

Nikapokea kwa mikono miwili, kama bibi alivyonifundisha.