Kitovu cha Mama Kilizikwa Ng'ambo

Mpaka leo nikisinzia mchana nausikia mto Rufiji ukipita karibu na dungu letu, kile kibanda cha miguu mirefu tulichokaa kulinda mpunga. Mama yuko ubavuni mwangu, anazungusha kombeo. Huu! Ndege wanainuka wote kwa pamoja, wanatua shamba la jirani, na jirani anatutukana huku anacheka. Sijui ilikuwa siku moja au zilikuwa mia. Zimeshachanganyika.

Mama hakuwa mtu wa Mkongo. Alitoka Umatumbi, milimani, ng'ambo ya mto. Alikuja msichana, pamoja na kaka zake, kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kama walivyokuja wenzao kila mwaka mpunga ukianza kutoa masuke. Mavuno yakiisha walirudi kwao na mgao wao vichwani. Mama hakurudi, baba alimwoa. Wajomba waliendelea kuja, nasi tukawatania kwamba wanakula kushinda hao ndege. Lakini bila wao tusingevuna hata pishi moja. Wahenga hawakusema bure: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Vita vya Maji Maji vilipoanza, mpunga wa mwaka ule ulikuwa umeshaingia ghalani. Masika iliyofuata mbiu ya mgambo ikalia: asiyezaliwa upande huu avuke arudi kwao, na wa ng'ambo asije. Akida wa serikali alisema wageni ndio wanaoleta fitina. Lo! Watu waliotulindia chakula tangu enzi za babu, leo ndio fitina!

Baba alimfundisha mama asubuhi na jioni: "Ukiulizwa umezaliwa wapi, sema hapa hapa Mkongo." Mama aliitikia. Mimi hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa mdogo, kibogoyo wa meno ya mbele, nani angenikumbuka?

Kivukoni, tulikoitwa wote kuandikwa, alikaa karani wa akida na daftari lake. Alikuwa mtoto wa huku huku, mjanja yule! Hakuuliza mtu kazaliwa wapi. Aliuliza, "Bibie, kitovu chako kimezikwa wapi?" Kwetu kitovu hakisemewi uongo, ukikikana, umewakana waliokizika. Mama alifungua mdomo, akaufumba. Nilidhani amesahau, na hali alinisimulia kila siku kule dunguni. Nikaona haya kwa ajili yake. Basi nikamsaidia, kwa sauti na kwa majivuno: "Ng'ambo, milimani, chini ya mkwaju wa bibi!"

Karani akaandika. Mama hakunipiga, hakunikaripia. Alinifunga upya kaniki yangu kifuani, akasema, "Umesema kweli, mwanangu." Akaingia mtumbwini. Baba alitaka kumfuata, askari wakamzuia. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, na mtumbwi haukufika mbali kabla sijaacha kuuona. Nilisikia kasia tu.

Mwaka ule ndege walikuja kama kawaida. Waamiaji hawakuja. Baba na mimi tulipiga kelele mpaka sauti zikatukauka, na majirani vivyo hivyo. Masuke yalisimama wima, mepesi, hayana kitu ndani. Wachuuzi wa Kibiti waliokuja kununua mchele walirudi na vikapu vitupu. Akida alipodai kodi aliambulia makapi. Ndipo mbiu ikalia tena, safari hii kwa upole: ndugu zetu wa ng'ambo, karibuni, njooni na jamaa zenu. Nikahamia kivukoni. Katika kila mtumbwi nilimtafuta mama.

Akaja mjomba mmoja tu, mifupa mitupu. Tulimpa uji, akanywa, ndipo baba akamuuliza.

"Shemeji, moto wa askari ulikula maghala yote," mjomba akasema. "Dada amekufa kwa njaa."

Akalitazama shamba letu. "Na huku, mpunga wote huu umeliwa na nani?"

"Na ndege," baba akajibu.

Nililia miaka. Hata sasa namlilia. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, kitovu chake kilipodondoka nilikifunga kitambaani, nikavuka nacho mto, nikakizika chini ya mkwaju ule. Niliporudi, mashangazi zangu wa Mkongo walinijia juu: "We mwana una wazimu? Mtoto wako atakuwa mgeni huku!"

"Na awe," nikawaambia, nikampandisha dunguni.