Wegesa Aliyechanjwa Nyoka

Pale kijijini kwetu Ringwani sindano yoyote huitwa chanjo. Ndiyo maana Wegesa, aliporudi kutoka hospitali ya misheni baada ya kuumwa na kifutu akikata nyasi za kuezekea, watu walisema amechanjwa nyoka, hawezi kudhurika tena. Hata yeye aliamini hivyo.

Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya, ilikuwa imemleta kwetu mwaka uleule, mjane asiye na mtoto, Mkurya wa Tarime kati ya majirani asiowajua. Hakuna aliyempigia hodi. Lakini nyoka akiingia nyumbani, we! Mbio: "Mama Wegesa, njoo!" Anaingia na fimbo, anamtoa nyoka amekufa, wanamwekea kigoda na togwa, wanacheka naye mpaka jua linazama. Baada ya hapo, kimya, mpaka nyoka mwingine.

Mimi nilikuwa nesi wa zahanati. Siku moja alikuja nimsafishe kidonda chake sugu cha mguuni, pale alipoumwa, akaanza kujigamba kwamba hakuna nyoka wa kumdhuru. Nikapandwa na hasira.

"Mama, nani kakudanganya? Ile si chanjo! Ni kinga ya kuazima, imetolewa kwenye damu ya farasi, ikakatwa vipande. Vinanasa sumu, kisha mwili unavivunjavunja kama unavyovunja nyama uliyokula, na mabaki yanatoka kwa mkojo. Wiki chache tu, vimekwisha. Ukiumwa leo, unaweza kufa kama mtu yeyote."

"Hata kimoja hakikubaki?"

"Hata kimoja."

Akaufunika mguu wake. "Basi usiwaambie, mwanangu."

"Una wazimu, mama?"

"Wakijua, nani atakuja kuniita?"

Iliniuma, jamani. Nikamwambia jioni aje kwangu tule. Nilisonga ugali wa mtama, nikangoja, hakuja. Nikamfuata, nikamkuta mlangoni kwa jirani yetu Mseti. Nyoka alikuwa chini ya kitanda cha watoto.

"Mseti, mzuie! Dawa imeisha mwilini mwake!"

Mseti akacheka. "Nesi naye! Tangu lini chanjo ikaisha?"

Wegesa hakunitazama. Aliinama, akaingia. Nje walikuwa wameshaweka kigoda.

Alitoka na kifutu juu ya fimbo, watu wakashangilia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Zamani haikutetemeka, na ni mimi tu niliyejua kwa nini. Akakaa kwenye kigoda, akaificha ndani ya kitenge, akacheka nao mpaka jua likazama.